Kwa Nini Tulisukuma Magari Hadi Getini

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya serikali, sikupewa spana. Nilipewa kitambaa cheupe, nikaambiwa nichuchumae nyuma ya lori lililokuwa linanguruma, nikishike mbele ya ekzosi mpaka niambiwe basi. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha, suruali imepigwa pasi na mama yangu, na nilidhani wananitania. Sikuwa nimekosea sana, maana madereva waliokuwa wameegemea ukuta walikuwa wanacheka waziwazi. Lakini Fundi Mkuu hakucheka. Alikichukua kile kitambaa, akakiinua kwenye mwanga wa jua, akakinusa, kisha akasema, "Humu kuna nozeli inatona. Kaitafute."

Niliitafuta, nikaipata, na toka siku hiyo sikumbishia tena.

Fundi Mkuu aliitwa Kantilal, nasi tulimwita Babu Kanti. Alizaliwa hapa hapa Dodoma, ndugu zake wakiuza vitambaa karibu na soko, na nadhani ndiko vitambaa vyake vyeupe vilikotoka. Ndugu walipima vitambaa kwa mita, yeye alivitumia kupima moshi. Kitambaa kikitoka na masizi meusi makavu, mafuta ni mengi kuliko hewa. Kikitoka na unyevu unaonuka dizeli mbichi, nozeli haipulizi ukungu kama inavyotakiwa, inadondosha matone. Kikiwa kinateleza kwa oili, ringi za pistoni zimechoka. Vijana wa sasa mna mashine zenye kioo zinazosema yote hayo kwa herufi na tarakimu, nami nazipenda, ila sijaona mashine inayoweza kusema "kaitafute" kwa sauti ile.

Kemia niliyoitumia maisha yangu yote alinifundisha kwenye benchi la pampu, mikono yake ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Dizeli, alisema, ni kaboni na haidrojeni zilizoshikana. Ipe joto na oksijeni ya kutosha, na kaboni itatoka ikiwa kaboni dayoksaidi, haidrojeni itatoka ikiwa maji, na kila mtu atakwenda zake kwa amani. Inyime oksijeni, na kaboni nyingine itatoka nusu nusu, ikiwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu na kuifungia hewa. Nyingine haitaungua kabisa, itatoka masizi.

"Moshi mweusi," alisema Babu Kanti, "ni dizeli iliyokuja kazini, ikasaini, ikarudi nyumbani."

Sasa Dodoma ina jambo lake. Tuko juu. Watu husahau kwa sababu nchi yetu ni tambarare, huoni ulikopanda, lakini hewa ya huku ni nyembamba kuliko ya pwani. Injini ikivuta pumzi ileile hapa, inapata oksijeni pungufu. Malori yetu yalikuwa yanaletwa kutoka pwani, pampu zikiwa zimefungwa kwa vipimo vya pwani, yaani zinamwaga mafuta kana kwamba injini bado inapunga upepo wa bahari. Ongeza vumbi letu linaloziba filta ya hewa, na utaelewa kwa nini yadi yetu ilikuwa na wingu lake peke yake. Kwenye kila pampu kuna skrubu inayoweka kikomo cha mafuta. Dawa ilikuwa kuirudisha nyuma kidogo, kisha kuifunga kwa waya na muhuri wa risasi ili mtu asiiguse.

Na mtu aliigusa. Tena mtu mwenyewe alikuwa Dereva Mkuu.

Dereva Mkuu wetu aliitwa Chilewa, Mgogo mrefu kutoka upande wa Bahi, dereva hodari kuliko wote niliowahi kupanda nao, na mbishi kupita kiasi. Kwake moshi mweusi ndio ulikuwa ushahidi wa nguvu. Alipopanda kilima aliangalia kioo cha pembeni, akiona nyuma kumefunga giza, anafurahi. Lori likipanda bila moshi, anasimama pembeni, anafungua skrubu kwa kisu. Wenzake wote walimfuata.

"Wewe mtoto wa chuo," aliniambia, "gari lisilotoa moshi limekufa, ila halijaambiwa."

Ningemwacha na imani yake kama si mambo ya nyumbani kwangu.

Nilikuwa nimeoa. Mke wangu Tabitha ni mtu wa Kongwa, na kitu cha kwanza nilichompendea ni kicheko. Alicheka kwa hatua, anaanza chini chini, anapanda, anashika ubavu, anamalizia kwa kupiga paja. Kazini walitupa kota, chumba na sebule, ukuta mmoja na yadi ya magari. Nilijiona nimefika. Miezi ya kipupwe ikaingia, upepo wa baridi wa Juni na Julai ambao mgeni wa Dodoma haamini mpaka umkute bila sweta, na kila alfajiri madereva waliwasha magari chini ya dirisha letu na kuyaacha yangurume. Wenyewe waliita kupasha injini. Yalinguruma mpaka jua lichomoze, na moshi wote ulisukumwa na upepo hadi ndani kwetu.

Injini ya dizeli ikiwa baridi haiunguzi mafuta yote. Ukungu wa dizeli unagusa kuta za baridi za silinda na kutoka nje mzima mzima, moshi mweupe unaochoma macho. Na dizeli ya miaka ile ilikuwa na salfa nyingi, ambayo ikiungua inageuka gesi inayokwaruza koo. Tabitha alikuwa na pumu ya utotoni ambayo sote tulidhani imekwisha. Ikaamka. Alijaza matambara kwenye nyufa za dirisha, tukalala tumefunga kila kitu, na bado alfajiri nilimkuta ameketi kitandani, mabega yamepanda juu, anavuta hewa kama anaiomba. Mchana alikuwa nafuu, lakini kicheko kiliharibika. Alianza chini chini, akapanda, halafu kikohozi kikamkata katikati. Iliniuma kuliko nilivyoweza kumwambia mtu yeyote pale kazini.

Asubuhi moja alifunga kanga zake kwenye furushi. "Sikuachi," alisema. "Naiacha hewa yako. Ikitulia, njoo Kongwa unichukue."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Meneja wa Karakana. Huyu alikuwa mwanajeshi mstaafu, hakuwahi kuzungumza ameketi. Nilimweleza mambo ya hewa nyembamba, skrubu, risasi na mke wangu, na nadhani mke niliyemtaja mwisho ndiye aliyemgusa, ingawa hakukubali.

"Madereva wanasema ukipunguza mafuta, malori hayatapanda," alisema.

"Yatapanda, mzee. Mafuta tunayoyapunguza ni yale yasiyoungua."

"Chukua lori la Chilewa. Lifunge unavyotaka. Linakwenda na saruji ng'ambo ya milima ya Kolo, mbele ya Kondoa. Likipanda milima ile, nakukabidhi pampu zote. Likikwama, unarudi kuziba pancha, na mke wako atazoea Kongwa."

Nilifunga ile pampu mwenyewe, Babu Kanti amesimama nyuma yangu na kitambaa chake mkononi. Nilisafisha filta, nikabadilisha nozeli, nikarudisha skrubu, nikabana risasi. Chilewa aliingia upande wake, mimi upande wa pili, tukashika njia ya Kondoa.

Milima ya Kolo siku hizi ina lami, mnaipanda mnaongea na simu. Wakati ule ilikuwa kona za mawe na vumbi laini linaloteleza. Wageni walikuwa wanakuja kuangalia michoro ya kale kwenye miamba. Mimi niliangalia kioo cha pembeni tu. Chilewa alipunguza gia, akapunguza tena. Lori likalalamika. Nilihisi pancha zote za Dodoma zikiningoja. Kisha likashika, likapanda taratibu na bila kukata tamaa, na nyuma yetu nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona nyuma ya lori la Chilewa, nacho ni barabara.

Juu kabisa akasimamisha lori, akashuka, akaenda nyuma, akaangalia ekzosi kwa muda mrefu. Akarudi akafunga mlango.

"Halijafa," alisema.

Kwa Chilewa hiyo ilikuwa hotuba. Tuliporudi alimwambia Meneja kwamba lori linapanda, na kwamba mafuta yamebaki kwenye tangi kuliko kawaida. Nikakabidhiwa pampu zote. Kabla kipupwe hakijaisha lile wingu jeusi lilikuwa limekwisha yadini, nami nikapanda basi kwenda Kongwa, nimevaa shati jipya, kumchukua mke wangu.

Alfajiri ya kwanza baada ya kurudi, Tabitha alikohoa.

Nilitaka kulia. Moshi mweusi ulikuwa umekwenda, lakini ule mweupe wa alfajiri, niliokuwa nimeupuuza, hauna uhusiano na skrubu. Unatokana na baridi na kuacha gari lingurume limesimama. Niliwaita madereva, nikawachorea silinda kwenye ubao, nikawaeleza kwamba injini ikinguruma bure inachelewa kupata moto, kwamba ukiwasha na kuondoka polepole inapashika haraka zaidi. Walinisikiliza kwa heshima zote. Kesho yake wakawasha chini ya dirisha letu kama kawaida.

Tabitha alifungua pembe ya pazia akawatazama. Alitazama kwa kitambo, amejiziba pua kwa kitambaa.

"Baba, hebu njoo uone," akaniita. "Wewe umesomea magari. Hao hawapashi injini. Wanajipasha wenyewe."

Nikachungulia. Kweli bwana, madereva wote walikuwa wamesimama nyuma ya magari yao, makoti yamefungwa mpaka shingoni, mikono wameinyoosha kwenye ekzosi kama watu wanaoota moto. Nilikuwa nimeiangalia yadi ile kwa miaka, na macho yangu siku zote yalikuwa kwenye bomba, si kwenye mikono.

Kesho yake mke wangu aliamka kabla yao. Alibeba jiko na sufuria ya uji wa uwele wenye karanga, akapeleka hadi getini, upande wa pili kabisa wa yadi, ambako upepo unapeleka moshi porini badala ya kwetu. Harufu ya ule uji iliwafikia madereva kabla hawajatia funguo. Wakaanza kwenda mmoja mmoja.

"Mbukwa, mama," Chilewa akamsalimu kwa Kigogo, akanyoosha kikombe.

"Mbukwa. Gari lako liko wapi?"

"Lile kule, linapashika."

"Basi na wewe kapashike kule. Uji huu ni wa mtu aliyefika hapa na gari lake, na injini imepoa. Nitashika boneti kwa mkono wangu. Ikiwa ya moto, hakuna uji."

"Sasa mama, gari lililopoa litafikaje hapa?"

"Mko wanaume wangapi?"

Walicheka, wakanung'unika, wakatazamana. Kisha mmoja akaenda kusukuma gari lake dogo, mwingine akamsaidia, na uji ukamiminwa huku wengine wakiona mvuke. Hapo ubishi ukaisha. Walisukuma magari madogo hadi getini kwa nyimbo za Kigogo, malori wakiyaegesha huko huko tangu jioni ili wasiumize migongo. Wakafika wamepata joto la kusukuma, wakapata la uji, wakawasha na kuondoka. Chilewa alijaribu ujanja. Siku moja aliwasha gari akalileta, kabla ya kufika akalimwagia maji kwenye boneti. Tabitha akaweka kiganja.

"Dereva Mkuu, jana usiku mvua ilikunyeshea wewe peke yako?"

Alikaa bila uji siku ile, na wenzake hawakumpa amani mpaka Krismasi. Meneja wa Karakana naye aliona jinsi mambo yanavyokwenda, akaamuru kuchorwe mstari mweupe karibu na geti na kutangazwa kwamba hakuna gari litakalowashwa kabla ya mstari. Alisema ni kwa ajili ya nidhamu. Lakini asubuhi za baridi alikuwa anakuja na kikombe chake mwenyewe. Matambara yalitoka dirishani, na pumu ikalegea kidogo kidogo.

Mambo mengine nitayapitia haraka, maana nawajua vijana, mkiona aya ndefu mnaruka. Nilihamishiwa Kondoa, kisha kwenye bwawa la Mtera, kutunza jenereta na boti za injini za wakaguzi wa samaki, na huko Tabitha alipata nafuu kuliko popote, kwa hewa ya bwawani. Babu Kanti alistaafu nikiwa Mtera, akaniachia nozeli zake za majaribio na mkoba wa vitambaa. Serikali ilipohamia Dodoma nikarudishwa karakana yetu ileile, cheo kikiwa Mkaguzi wa Moshi, kwa sababu magari yalikuja kutoka pwani kwa misafara na walihitaji mtu anayeijua hewa ya huku.

Magari yenyewe yalikuwa yamebadilika. Kompyuta ilipima hewa yenyewe, skrubu hakuna, na dizeli salfa imepungua sana. Ya petroli yalikuja na masega, lile kopo kwenye ekzosi lenye vitundu vingi vilivyopakwa madini adimu. Moshi mchafu ukipita pale ukiwa moto, kaboni monoksaidi inapewa oksijeni iliyoikosa ndani ya injini na kugeuka dayoksaidi, na oksidi za naitrojeni zinavunjwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Ni kazi nzuri mno, nasema hivi nikiwa mtu niliyetumia kitambaa. Kilichonitoa povu ni mafundi wa mitaani waliowaambia wenye magari kwamba masega yanalikaba gari, wakayang'oa na kuyauza. Ulikuwa ubishi wa Chilewa umerudi na nguo mpya. Mkurugenzi wa Usafiri, binti mdogo aliyekuwa na umri wa mwanangu wa kwanza, aliniuliza tufanyeje.

"Tuwaonyeshe, mama," nikamwambia. "Kuwahubiria nilishajaribu."

Tulichukua magari mawili yanayofanana, moja lina masega na jingine limeng'olewa, tukawaita wenye magari waje wasimame nyuma. Baada ya kusimama nyuma ya lile la pili, macho yakiwachoma, hakuna aliyehitaji ubao wangu.

Nilistaafu salama, bila ajali na bila kesi, nikajenga Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Nikitazama nyuma sina kinyongo na kazi hii. Watu hawakumbuki hewa safi, ndivyo ilivyo. Wanakumbuka barabara na madaraja. Mtu akivuta pumzi haulizi nani aliifanyia kazi. Nilizoea hilo mapema, na kusema kweli nalipenda. Ushauri wangu kwenu mnaoanza ni mdogo. Jifunzeni kemia yenu vizuri, kwa sababu moshi haudanganyi. Halafu mwangalie na mikono ya watu.

Julai iliyopita, asubuhi ya baridi kali, mimi na Tabitha tulipita karakana kumsalimia Mkurugenzi. Kota yetu imevunjwa, pale pamekuwa ghala la matairi. Hakuna dirisha, hakuna mtu anayeishi upande ule. Tulipoingia getini tukawakuta madereva vijana, majaketi yao mazuri, wameweka magari mapya kwenye nyutro, wanayasukuma kwa mikono kuelekea mstari mweupe. Mstari umepakwa rangi upya.

Mmoja alituona akasimama kupumua. "Shikamooni."

"Marahaba. Mbona mnasukuma? Magari mabovu?"

"Hapana mzee, mazima kabisa. Hapa haliwashwi gari mpaka lipite mstari. Ndivyo tulivyokuta."

"Kwa nini?"

Akajikuna kichwa. "Kwa kweli hatujui. Ila wanasema zamani palikuwa na mama mmoja hapa, mkali, hakuna mfano. Alikuwa anashika maboneti. Hata Dereva Mkuu alimwogopa."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anautazama ule ukuta wa ghala, pale dirisha lilipokuwa. Kisha akalisogelea gari la yule kijana, akaweka kiganja chake juu ya boneti, akakiacha pale.

"Limepoa," akasema. "Huyu apewe uji."

Na kicheko kikamjia. Kilianza chini chini, kikapanda, akashika ubavu. Kwa mazoea nikanyoosha mkono nimshike mgongo, nikisubiri kikohozi. Hakikuja. Alicheka mpaka mwisho, akapiga paja.